Sayansi Kimu Ilinifundisha Kuuliza Nguo Imetengenezwa na Nini

Nilisoma Sayansi Kimu, somo la kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, katika shule ya msingi kule Vihiga, magharibi mwa Kenya, miaka ya tisini. Wakati huo mfumo wa elimu wa 8-4-4 haukubagua: awe mvulana au msichana, ukifika madarasa ya juu utashika beseni, sindano na sufuria. Leo nina kibanda cha kufua na kupiga pasi hapa Nakuru, na ndicho kinacholisha nyumba yangu. Wateja wakiniuliza nilisomea wapi kazi hii nawaambia ukweli: darasani, kwa mwalimu mmoja mama mtu mzima ambaye hakumruhusu mtoto kutaja hatua yoyote ya kazi bila kutaja sababu yake.

Mtoto akisimama na kusema, "Nguo nyeupe hufuliwa kwanza," Mwalimu anauliza, "Kwa nini?" Ukijibu kwamba ndivyo kitabu kinavyosema, anakwambia ukae, anamgeukia mwingine. Alikuwa radhi kuzunguka darasa zima mpaka apatikane wa kusema kwamba rangi za nguo nyingine huchuja majini, na nyeupe ndiyo inayodaka kila kinachochuja. Hapo ndipo tunasonga mbele.

Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, haukutaka hayo yote. Ulikupa swali na majibu manne, ukachagua moja. Ungeweza kukariri mpangilio wenyewe, yaani kutenga nguo, kushona palipochanika, kuloweka, kufua, kusuuza, kukamua, kuanika, kupiga pasi, kupunga hewa, kukunja na kuhifadhi, ukapata alama zako na kusahau wiki iliyofuata. Wenzangu wengi walisahau. Mimi yalinikaa kichwani kwa sababu kila hatua ilikuja na sababu yake, na hadi leo nikiikumbuka sababu, hatua yenyewe inajileta.

Chukua hatua mbili ambazo watu huzidharau. Kushona kabla ya kufua: wengi hufua kwanza ndipo wakatafuta sindano. Lakini tundu dogo la kwapani likisuguliwa na kukamuliwa hurefuka, na kile ambacho kingefungwa kwa uzi wa kiganja kinahitaji kiraka. Kupunga hewa baada ya pasi: nguo iliyotoka kwenye pasi inaonekana kavu, kumbe ndani ya mishono na kola kuna mvuke. Ukiifungia sandukuni hivyo hivyo, kwetu Vihiga ambako msimu wa mvua ndefu mawingu hukusanyika karibu kila alasiri, baada ya muda utakuta vidoa vyeusi vya ukungu. Na ukungu ukishaingia kwenye uzi wa pamba hauchafui tu, unaula uzi wenyewe. Mwalimu alitundika nguo zilizopigwa pasi kwenye kamba ndani ya darasa, mlango wazi, hadi kengele ya chakula cha mchana.

Kipindi kilichonigeuza kabisa ni kile cha kuchoma nyuzi. Mwalimu alikuja na bahasha ya vipande vya vitambaa alivyoviokota kwa fundi cherehani sokoni, mshumaa, kibanio cha nywele na kifuniko cha mkebe wa rangi kilichotiwa maji kidogo. Alichomoa uzi mmoja mmoja, akaubana, akausogeza kwenye mwali huku sisi tumesongamana tukinusa.

Uzi wa pamba ulishika moto mara moja, ukawaka kwa mwali wa manjano na kunuka karatasi iliyoungua. Ulipozimika, palibaki jivu jepesi la kijivu lililopotea ukiligusa. Uzi wa sufu ulisitasita. Uliungua polepole, ukajikunja, ukanuka nywele zilizoungua, na ukaacha punje nyeusi inayopondeka kwa vidole. Uzi wa poliesta haukuwaka kama ile mingine; ulirudi nyuma ukiukimbia moto, ukayeyuka, ukadondosha tone, na tone hilo lilipopoa likawa gumu lisilopondeka. "Sasa," Mwalimu akauliza, "nani ataniambia kwa nini pasi ya moto mkali haiendi kwenye shati la poliesta?" Hakuna aliyehitaji kufikiri. Tulikuwa tumeuona ukiyeyuka.

Mpaka leo nafanya hivyo. Kijana mpya akija kufanya kazi kwangu, kabla sijamwonyesha beseni nampa kiberiti, kibanio na nyuzi. Wengine huona napoteza muda. Lakini mtu asiyejua anachokishika atafua vyote kwa namna moja, na nguo haziko namna moja hata kidogo.

Angalia sweta za shule. Ukiziweka mbili mezani, zote za buluu, kwa macho huwezi kuzitenganisha. Moja ni ya sufu, nyingine ya akriliki, uzi wa kiwandani. Uzi wa sufu, ukiuangalia kwa hadubini, umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana. Ukiitia sweta hiyo kwenye maji ya moto, ukaipaka sabuni na kuisugua, magamba yanafunguka, yanakamatana na ya uzi wa jirani, kisha hayaachani tena. Sweta ya mtoto wa darasa la sita inarudi kuwa ya mtoto wa chekechea, nene na ngumu, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ya akriliki haina magamba, haitasinyaa namna hiyo, ila ukiipitishia pasi ya moto hulegea na kuwa bapa, haipati tena umbo lake.

Kwa sweta ya sufu Mwalimu alitufundisha kuilaza juu ya gazeti kabla ya kuilowesha na kuichora pembezoni kwa penseli, mikono, shingo na kiuno. Kisha unaifua kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuiminya na kuiachia, bila kuisugua wala kuipindua. Baada ya kuisuuza huikamui kwa kuisokota. Unaifungia ndani ya taulo kavu na kuikandamiza, taulo linanyonya maji. Halafu unairudisha kwenye gazeti na kuivuta taratibu mpaka ijae mchoro wake, unaiacha ikauke kivulini imelala vile vile. Ukiitundika kambani ikiwa nzito kwa maji, uzito wake wenyewe utaivuta mabega na urefu. Nina mteja mmoja mzee, fundi wa saa mstaafu, mwenye sweta ya sufu aliyofumiwa na marehemu mkewe. Haileti kwa mtu mwingine yeyote Nakuru hii. Alipoiona kwa mara ya kwanza imelazwa ndani ya mchoro wa penseli, alisimama hapo akaangalia kwa muda, akaniambia, "Kijana wangu, wewe ulilelewa." Nilimjibu kwamba nililelewa na kufundishwa pia.

Nguo za mitumba nazo zimenipa nafasi ya kutumia kitu ambacho shuleni tulikiona kwenye chati ukutani tu: kibandiko cha ndani chenye alama za utunzaji. Nikienda Kisumu hupitia soko la Kibuye, na kabla sijanunua chochote nageuza mshono wa ubavuni. Chombo chenye maji na namba ndani yake kinakuambia kiwango cha juu cha joto la maji, 30, 40 au 60. Pembetatu ni habari ya dawa za kung'arisha. Mraba ni kukausha. Duara ni kazi ya dobi wa dawa kavu. Pasi yenye nukta moja ni joto lisilozidi nyuzi 110, nukta mbili 150, nukta tatu 200. Alama yoyote iliyokatwa msalaba maana yake usifanye. Alama hizi hazina lugha, kwa hiyo koti lililotoka Ujerumani na gauni lililotoka Ufaransa yanazungumza nawe sawasawa. Inaniuma kuona watu wakikata kibandiko kwa sababu kinawasha shingoni, kisha wiki ijayo wanamlaumu aliyefua. Kama kinawasha, kikate, lakini kibandike ndani ya mlango wa kabati.

Usimamizi wa nyumba tuliusoma kama sura nyingine kabisa ya kitabu: muda, nguvu, pesa na vifaa, na jinsi ya kuvipanga ili kimoja kisimalize kingine. Utotoni yalionekana maneno makubwa. Nilipohamia Nakuru na kupanga chumba kimoja katika ploti yenye mfereji mmoja wa pamoja, nilikuta sura ile yote imejificha kwenye mtungi wa lita 20.

Mfereji ukikauka, maji yanaletwa kwa mkokoteni na kila mtungi una bei yake, bei ambayo hupanda kiangazi kinapokaza. Basi lazima ujue maji hayo yatapita wapi na wapi kabla hayajamwagwa. Maji ya kusuuza nyeupe ni karibu safi, kwa hiyo ndiyo yanayoanza kufulia za rangi hafifu. Yaliyosuuza za rangi hafifu yanafulia za giza. Povu la za giza linaosha matambara ya jikoni, kisha linapiga deki sakafu, na kinachobaki kinaingia chooni. Ukianza na suruali ya kazi yenye grisi kwa sababu tu ndiyo iliyo juu ya rundo, umeharibu maji ya siku nzima kwa vazi moja. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye hesabu kuliko mimi, alikaa akaandika gharama ya maji na sabuni kwa mpangilio huu na bila mpangilio. Tofauti yake ilitosha kununua makaa ya wiki. Hapo nikaelewa kwa nini Mwalimu alikuwa akisema usimamizi wa nyumba huanza kabla hujainama.

Na kanuni za kitabu zinataka kubadilishwa kufuata mahali. "Anika juani" ni kanuni nzuri, lakini jua la wapi? Nyumbani Vihiga unafua alfajiri ili uanue kabla mvua ya alasiri haijafika, na unaweka jicho upande wa mawingu muda wote. Hapa Nakuru, miezi ya Januari na Februari, adui si mvua bali upepo. Mchana ukipanda unainua vumbi jepesi linaloganda kwenye nguo mbichi, na shati jeupe linakauka likiwa la rangi ya chai. Kwa hiyo nafua mapema sana na kuanua kabla ya upepo. Nyeupe za pamba naziweka juani moja kwa moja, kwa kuwa jua huzing'arisha na kuua vijidudu. Za rangi nazigeuza ndani nje na kuzitafutia kivuli chenye hewa, kwa maana jua lile lile linalong'arisha nyeupe ndilo linalopausha nyeusi. Chini kwenye nyasi sianiki kamwe, na nguo za watoto wachanga lazima zipigwe pasi hadi kwenye mishono. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi. Kiluwiluwi chake huingia ndani ya ngozi na kuota jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Mama anayeambiwa tu "piga pasi nepi" anaweza kuruka siku akiwa amechoka. Aliyeambiwa habari ya inzi haruki.

Miaka michache iliyopita mama yangu alipata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilegea, akawa wa kitandani. Niliacha kibanda mikononi mwa mke wangu nikarudi Vihiga, kwa kuwa mimi ndiye mtoto niliyeweza kutoka kazini bila kufukuzwa. Sikujua kwamba nilikuwa naenda kutumia kila nilichofundishwa.

Muuguzi aliyemruhusu kutoka hospitalini alituonya kuhusu vidonda vya kulalia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anakandamizwa mahali pamoja, damu haipiti, ngozi inakufa. Inabidi umgeuze mara kwa mara, mchana na usiku. Lakini pia alisema shuka lisiwe na mkunjo hata mmoja, kwa sababu mkunjo mdogo chini ya nyonga ya mtu asiyesogea hukandamiza na kukwaruza ngozi saa baada ya saa. Maisha yangu yote nilikuwa nimepiga pasi mashuka ili yapendeze. Pale nilipiga pasi ili ngozi ya mama isipasuke, na nilivuta pembe za shuka chini ya godoro mpaka likawa limekaza.

Shuka lenye mkojo halianzi na sabuni wala na dawa ya klorini. Linaanza na maji baridi mengi. Mkojo hutoa amonia, na amonia ikikutana na klorini hutoa mvuke wa sumu unaochoma macho na mapafu, hasa ndani ya bafu dogo lililofungwa. Vivyo hivyo klorini haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi. Hili nawaomba wote wanaofua wamfundishe kila mtu nyumbani mwao, kwa sababu chupa hizo mbili hukaa rafu moja katika nyumba nyingi. Shuka lenye damu nalo ni maji baridi na chumvi kidogo. Maji ya moto huigandisha protini ya damu ndani ya uzi, kama yai linavyoganda kwenye kikaango, na doa hilo hutoka kwa shida sana. Kisha kusuuza, kusuuza na kusuuza tena, hadi maji yabaki bila utelezi, maana mabaki ya sabuni huwasha ngozi iliyo dhaifu.

Siku ya kwanza nilipobeba lile rundo kwenda nalo uani, shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alinifuata.

"Mwanangu, hebu simama. Hizo ni nguo za mama yako. Mtoto wa kiume hazishiki."

Najua desturi yetu na sikutaka kuikanyaga. Kwetu kuna heshima kati ya mama na mwanawe wa kiume, na mavazi ya ndani yamo ndani ya heshima hiyo.

"Shangazi, umesema kweli," nikamjibu. "Za ndani nimeziacha kwenye karai lile la kijani, ni zako wewe na dada. Mimi nachukua mashuka, foronya na blanketi."

"Na mashuka je, watu wakikuona?"

"Wakiniona, waone. Mama akipata kidonda hawatakuja kumuuguza wao."

Alinyamaza akavuta kigoda, akaketi kando yangu. Nadhani alikaa kunichunga. Baada ya muda akauliza kwa nini naanza na maji baridi, wakati yeye siku zote alianza na ya moto. Nikamweleza. Akauliza kwa nini nimetenga blanketi. Nikamweleza habari ya magamba ya sufu. Naye hakukaa na mikono mitupu. Alinyanyuka akaleta maji ya jivu, yale yale tunayochuja kwa kupikia mboga, akamimina kidogo kwenye beseni la matambara yaliyokuwa na mafuta ya kumkandia mama. Mafuta yaliachia. Maji ya jivu yana kitu cha jamii ya magadi ndani yake, yanayavunja mafuta na kuyageuza yawe yanayosombwa na maji, na wazee wetu walilijua hilo kabla sabuni ya kipande haijafika dukani. Nilimwomba tu asiyamimine kwenye blanketi, kwa kuwa kitu hicho hula sufu. "Basi hiyo sikuijua," akasema, na tangu siku hiyo akawa ananiita nimwambie sababu ya kila kitu, mpaka ya wanga.

Wanga tulitengeneza wenyewe. Muhogo unakunwa, unakamuliwa kwenye kitambaa safi ndani ya maji, na maji yakitulia unakuta utando mweupe mzito umekaa chini. Unayamwaga maji taratibu. Utando huo unaukoroga kwanza na maji baridi kidogo hadi uwe uji mwembamba usio na madonge, ndipo unamimina maji yanayochemka huku unakoroga, hadi ubadilike kutoka weupe na kuwa wa kung'aa kidogo. Maji ya moto yakimiminwa kwenye wanga mkavu, punje za nje zinavimba ghafla na kuzifungia za ndani, unapata madonge. Kola ya pamba iliyotiwa wanga inasimama, lakini faida ninayoithamini zaidi ni kwamba uchafu wa shingo unashika kwenye wanga badala ya kwenye uzi, na ukifua, wanga unaondoka nao. Poliesta hainyonyi wanga vizuri, kwa hiyo usihangaike nayo. Shangazi alitia wanga vitambaa vya makochi ya mama, nami nikavipiga pasi kwa pasi yake ya makaa. Kila mara aliipitisha kwenye jani bichi la mgomba kabla sijaigusisha kitambaa. Jani linafuta masizi na kuifanya iteleze.

Mama alipata nafuu. Sasa anatembea kwa mkongojo na hakupata kidonda hata kimoja.

Niliporudi Nakuru nilianza kuwaangalia kina mama fua kwa jicho jingine. Wanakaa kando ya barabara asubuhi wakingoja kuitwa, wanaingia nyumba ya mtu wakipewa beseni moja, kipande cha sabuni na rundo ambalo hakuna aliyelitenga. Ndani ya rundo hilo kuna suti ya sufu, leso mpya inayochuja rangi, na jinzi. Kisha nguo moja ikiharibika wanakatwa malipo. Sioni haki hapo. Mwenye nguo ndiye anayejua leso ni mpya na suti ni ya nini. Ingemchukua dakika chache kutenga na kusema: hii baridi, hii peke yake, hii usiiguse. Na kama hajui leso itachuja, alowanishe pembe moja iliyofichika na kuikandamiza kwa kitambaa cheupe. Rangi ikihamia, amepata jibu. Halafu ampe mtu yule glavu. Nimeona viganja vya akina mama vilivyochubuka kwa klorini hadi hawawezi kukunja ngumi, na jioni mikono hiyo hiyo inatakiwa ikasonge ugali.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani wa KCPE ulipunguzwa masomo, Sayansi Kimu ikawa miongoni mwa yaliyoondolewa. Katika sekondari ilibaki kama somo la kuchagua, na wanaolichagua ni wasichana kwa sehemu kubwa, katika shule chache zenye vyumba vya kupikia na vyerehani. Kizazi kizima cha wavulana kikapita bila kushika beseni darasani. Nawaona wakija mjini kutafuta vibarua, vijana wenye akili na nguvu, wanavaa shati mpaka lichakae kwa sababu hawajui kulitunza, au wanangoja waoe. Somo lilirudi na mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya 8-4-4, na sasa katika madarasa ya juu ya msingi limeunganishwa na kilimo likaitwa Kilimo na Lishe. Nimefurahi kwamba watoto wangu wote wawili, wa kiume na wa kike, wanalisoma. Ila ninapofungua madaftari yao naona tena orodha za hatua, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, na sababu hazipo.

Najua walimu wana watoto wengi darasani na vifaa hakuna. Lakini kipindi kile cha nyuzi hakikuhitaji maabara. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alikuja kwangu na blanketi lake, tukaanza kuzungumza, na tukakubaliana niende darasani kwake na mshumaa na kifuniko cha mkebe, watoto waketi mbali kidogo na mwali, ndoo ya maji iwe karibu. Vitambaa sikununua. Pita kwa fundi cherehani yeyote Jumamosi kabla ya saa kumi na moja. Vipande vinakuwa vimejaa chini ya mashine, pamba, poliesta, na ukibahatika sufu ya suti. Mwombe akuwekee kwenye mfuko kabla hajafagia, na mwambie ni vya shule. Wengi hukupa na uzi juu yake.